Meza ya Karani: Majirani Wawili na Mlango Mmoja



Juma lililopita nilikuwa ofisini nikipanga vitabu vyangu, akaingia mama mmoja wa hapa kwetu. Wengi mnamjua kwa biashara yake ya mahindi na vitunguu, ambayo huipeleka Taveta, ng'ambo ya mpaka. Nilidhani amekuja kwa habari ya ubatizo wa mjukuu wake. Kumbe sivyo. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaketi, akafungua kitenge chake na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa hesabu ya magunia tisa ya mahindi ya mwezi wa Machi 2021.

Akasema, "Mwanangu, wewe umesoma chuo cha ualimu, basi nieleze. Wakubwa wa Kenya na Tanzania wakipatana, twawaona kwenye televisheni wameshikana mikono. Wakikosana, twaona lori limesimama langoni na mahindi yetu yamerudishwa. Mimi mwaka ule niliyauza kwa bei ya kutupa, na karo ya mtoto nikaikopa. Nitakaa na biashara hii nikijua iko siku watafunga tena kama walivyofunga zamani za mama yangu? Au nitafute kazi nyingine?"

Nilimwomba anipe juma moja. Swali lake si la mtu mmoja. Hapa Holili, na kule Tarakea, Namanga, Sirari na Horohoro, wako maelfu ambao mkate wao hutegemea jinsi nchi hizi mbili zinavyoamkiana. Basi leo nitamjibu mbele yenu wote, nanyi mtapima kama jibu langu latosha.

TULIKUWA NYUMBA MOJA

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba mstari huu wa mpaka si kazi ya babu zetu. Waingereza na Wajerumani walipatana juu yake mwaka 1886, na wakaendelea kupatana mwaka 1890. Wakauanzisha mstari kwenye mlango wa mto Umba, pale pwani, wakaupeleka hadi ziwa Jipe, wakauzungusha kaskazini ya mlima Kilimanjaro, kisha wakaunyosha moja kwa moja hadi ziwa Victoria. Wataveta wakawa upande ule, Wachagga upande huu. Wamaasai wakakatwa katikati, na Wakuria vivyo hivyo. Hakuna aliyewauliza.

Baadaye Waingereza walipopata nchi zote mbili mikononi mwao, waliziendesha kama nyumba moja yenye vyumba. Kenya na Uganda zilianza kushirikiana ushuru wa forodha mwaka 1917, na Tanganyika ikaingia katika miaka ya 1920. Shilingi ilikuwa moja kuanzia mwanzoni mwa miaka hiyo hadi mwaka 1966, kila nchi ilipoanzisha benki kuu na fedha yake. Reli, posta, simu, bandari na ndege vilikuwa vya wote. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ilijengwa reli kutoka Voi, ikapita Taveta, ikaungana na reli yetu pale Kahe. Kwa hiyo mzigo wa Moshi uliweza kwenda baharini kwa Tanga au kwa Mombasa, na mwenye mzigo ndiye aliyechagua.

Baada ya uhuru, viongozi wetu hawakutaka kuivunja nyumba hiyo. Tarehe 6 Juni 1967, kule Kampala, Mwalimu Julius Nyerere, Mzee Jomo Kenyatta na Rais Milton Obote walitia sahihi mkataba wa Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, nao ukaanza kazi Desemba mosi mwaka huo huo. Makao makuu yakawa Arusha. Mashirika yakagawanywa ili kila nchi ipate lake: reli na ndege Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala. Wageni walikuja kutoka mbali kujifunza jinsi nchi tatu maskini zilivyoweza kula sahani moja.

KWA NINI ILIVUNJIKA

Sasa, mama, hapa ndipo penye kiini cha swali lako. Watu hupenda kusema ati Jumuiya ilivunjika kwa sababu wakubwa walichukiana. Chuki ilikuwapo, lakini ilikuja baadaye. Kabla yake ilikuwapo hesabu.

Tangu zamani za ukoloni, viwanda vingi vilijengwa Nairobi na mahali pengine katika Kenya. Soko lilikuwa moja, lakini karakana zilikuwa upande mmoja. Tanzania ilinunua sana kwa Kenya, na Kenya ikanunua kidogo kwa Tanzania. Mwaka 1964 walijaribu kugawana viwanda, jambo halikufika mbali. Katika mkataba wa 1967 waliweka kodi ya pekee, ili nchi inayonunua kupita inavyouza iweze kuvilinda viwanda vyake vichanga kwa muda. Wakaanzisha pia Benki ya Maendeleo ya Afrika ya Mashariki, ambayo ilitakiwa kukopesha zaidi Tanzania na Uganda. Ilikuwa dawa nzuri, lakini dozi yake ilikuwa ndogo.

Pili, njia za kuishi zilitofautiana. Mwaka huo huo wa 1967, Tanzania ilitangaza Azimio la Arusha, ikachukua mabenki na viwanda vikubwa kuwa mali ya umma. Kenya ilifuata njia ya mtu binafsi na mtaji wake. Si kazi yangu leo kusema ni nani aliyekuwa na haki. Lakini fikirini ndugu wawili wenye duka moja, mmoja ataka faida iwekwe katika mfuko wa ukoo, na mwingine ataka kila mtu aweke mfukoni mwake. Duka hilo litafunguliwa asubuhi, lakini jioni patakuwa na maneno.

Tatu, Januari 1971, Idi Amin alimpindua Rais Obote katika Uganda. Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye meza moja. Na kwa kuwa mkataba uliyaweka mambo makubwa yote mikononi mwa marais watatu, na marais hao hawakukutana tena, Jumuiya ilikuwa kama mwili usio na kichwa. Mawaziri walijitahidi, makarani kule Arusha waliandika barua, lakini neno la mwisho halikupatikana.

Nne ni fedha. Nchi zote zilipobanwa na uhaba wa fedha za kigeni katika miaka ile, kila moja ilianza kuzuia fedha za mashirika zisitoke kwenda makao makuu ya shirika katika nchi nyingine. Shirika la reli likawa halina fedha za vipuri, la ndege likawa na madeni. Kila upande ulisema mwenzangu ndiye hajalipa. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, tena matatu, lakini hayakukubaliana.

LANGO LILIPOFUNGWA

Mwisho wa Januari 1977, ndege za East African Airways ziliacha kuruka. Kenya ikaanzisha shirika lake la ndege. Tarehe 4 Februari 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Magari na ndege ndogo za Kenya zilizokuwa upande wetu zilikamatwa, na watalii waliokuwa Serengeti na Ngorongoro wakashangaa kuona njia ya kurudi Nairobi haipo. Tanzania ilikuwa na neno lake hapa: watalii hao walishukia Nairobi, wakapanda magari ya Nairobi, wakaja kutazama wanyama wetu, kisha wakarudi kulala na kutumia fedha zao Nairobi. Neno hilo halikuwa la uongo. Lakini dawa iliyochaguliwa iliwapata hata wasiokuwa na mtalii wala gari. Nyumbu ndio waliobaki na ruhusa ya kwenda Mara na kurudi Serengeti kila mwaka bila kuulizwa pasi.

Jumuiya yenyewe ikafa katikati ya mwaka huo wa 1977. Mpaka ukakaa umefungwa miaka sita na zaidi.

Mimi sikuwa nimezaliwa. Lakini jirani yetu mmoja, mzee wa miaka themanini na kitu, amenisimulia mara nyingi. Dada yake alikuwa ameolewa Taveta tangu 1968. Zamani hizo aliweza kuja nyumbani asubuhi, kumsaidia mama yao kupalilia migomba, na jioni akarudi kwa mumewe. Baada ya Februari 1977 alikuwa mgeni wa nchi nyingine. Mwaka 1979 mama yao akafariki. Habari ilivuka mpaka kwa mdomo, kwa mtu aliyejua njia za panya. Dada akafika usiku wa manane, miguu imechubuka kwa miiba, akakaa kando ya mwili wa mama yake muda wa saa tatu. Kabla ya jogoo la pili ndugu zake wenyewe walimhimiza aondoke, wakiogopa asionekane na askari. Mama alizikwa mchana, na binti yake mkubwa hakuwapo.

Mzee akimaliza kisa hiki huniambia, "Karani, mwanangu, mimi sikuwa na ugomvi na Kenya. Wala dada yangu hakuwa na ugomvi na Tanzania."

Kwa upande wa mali, msidhani biashara ilikufa. Iligeuka jina tu, ikaitwa magendo. Kwetu mwanzo wa miaka ya 1980 sabuni, sukari na mafuta ya kupikia viliadimika, na vitu hivi vilikuwapo Taveta. Kahawa yetu nayo ilivuka usiku kwenda kutafuta bei bora. Serikali yetu ikapoteza ushuru, wakulima wakatiwa mbaroni, na waliotajirika ni wale wenye magari na wenye kufahamiana na walinzi. Mlango wa mbele ukifungwa, mama, mwizi hupata mlango wa nyuma, na mtu mwaminifu hubaki uani.

KUGAWANA VYOMBO

Nyumba ikivunjika, inabaki kazi ya kugawana vyombo. Mabehewa ni ya nani? Meli za ziwani ni za nani? Na pensheni ya mzee aliyefanya kazi ya reli miaka ishirini, nusu yake Nairobi na nusu yake Tabora, ataidai kwa nani? Januari 1978 alianza kazi mpatanishi mmoja kutoka Uswisi, Bwana Victor Umbricht. Alihesabu, akapima, akasafiri kati ya miji mitatu kwa miaka. Katikati ya kazi hiyo Mzee Kenyatta alifariki, Agosti 1978, akafuata Rais Daniel arap Moi. Amin akaondolewa kwa vita mwaka 1979.

Novemba 1983 marais watatu, Nyerere, Moi na Obote, walikutana Arusha, wakakubaliana juu ya ugawaji, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafunguliwa. Mkataba wenyewe wa kugawana ulitiwa sahihi hapo hapo Arusha tarehe 14 Mei 1984. Katika mali yote, Kenya ilihesabiwa asilimia 42, Tanzania 32 na Uganda 26. Tazameni basi: kuvunja kulichukua miezi michache, na kuhesabu vigae kulichukua miaka saba.

Wahenga walisema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Waliotangulia kuvuna safari hii walikuwa wenye biashara za mbali, kwa maana katika miaka ile sita kila nchi ilijifunza kununua ng'ambo ya bahari vitu ambavyo zamani iliviagiza kwa jirani. Mwenye kuzoea duka la mbali harudi kwa jirani siku moja.

NYUMBA MPYA

Mama atauliza, je, hawakujifunza? Naam, walijifunza, na hili ndilo lililonipa moyo nilipokuwa nikisoma habari hizi.

Tarehe 30 Novemba 1993 walianza upya kwa tume ya ushirikiano ya nchi tatu. Tarehe 30 Novemba 1999, pale Arusha, wakatia sahihi mkataba mpya wa Jumuiya, nao ukaanza kazi tarehe 7 Julai 2000. Rwanda na Burundi zikaingia mwaka 2007, na wengine wakafuata, hata Somalia ilipojiunga mwaka 2024 zikawa nchi nane.

Nyumba hii mpya ina mambo matatu ambayo ya zamani haikuwa nayo, au ilikuwa nayo kwa udhaifu.

La kwanza, nchi haiwezi kutoka kwa hasira ya usiku mmoja. Mkataba wasema kwamba nchi itakayo kujitoa lazima kwanza bunge lake liamue kwa theluthi mbili ya wabunge wote, kisha itoe taarifa ya miezi kumi na miwili. Miezi kumi na miwili ni muda wa kutosha kwa hasira kupoa, hata ya mtu mkubwa.

La pili, hesabu ile ya zamani ya mwenye viwanda na asiye navyo ilikumbukwa. Umoja wa forodha ulipoanza Januari 2005, bidhaa za Tanzania na Uganda ziliingia Kenya bila ushuru mara moja. Lakini bidhaa kadhaa za Kenya ziliendelea kulipa ushuru huku kwetu, ukipunguzwa kila mwaka hadi kwisha mwaka 2010. Yaani ndugu mwenye nguvu alikubali kutembea polepole miaka mitano. Mwaka huo wa 2010 ndipo soko la pamoja nalo likaanza.

La tatu, yako mahali pa kupeleka ugomvi pasipokuwa langoni. Liko Bunge la Afrika ya Mashariki, na iko Mahakama ya Haki ya Afrika ya Mashariki, vyote Arusha.

Na hapa mpakani kwetu mmeona wenyewe. Zamani ulisimama Holili ukagongewa muhuri wa kutoka, kisha ukasimama tena Taveta ukagongewa wa kuingia. Tangu mwaka 2016 maofisa wa nchi zote mbili hukaa jengo moja, ukasimama mara moja tu. Namanga nako, Desemba mosi 2018, Rais John Magufuli na Rais Uhuru Kenyatta walifungua kituo cha namna hiyo.

UGOMVI UNAOBAKI

Hata hivyo sitamdanganya mama yetu. Vikombe vikikaa kabati moja havikosi kugongana. Oktoba 2017 Tanzania iliwapiga mnada ng'ombe 1,325 wa wafugaji wa Kenya walioingia kulisha huku, na mwisho wa mwezi ule vifaranga 6,400 vilivyoletwa kutoka Kenya kinyume cha sheria vilichomwa moto Namanga, kwa hofu ya mafua ya ndege. Wengi walihuzunika. Mwaka 2020, wakati wa korona, madereva wa malori walilala barabarani siku nyingi wakingoja vipimo, na nchi hizi zikanyimana ruhusa ya ndege kwa majuma kadhaa. Januari 2024 ugomvi wa ndege ukarudi, safari hii kwa ajili ya ndege ya mizigo ya Tanzania. Tanzania ilitangaza kuzuia ndege za abiria za Kenya Airways kutoka Nairobi, mawaziri wakazungumza kwa simu, na jambo likamalizwa kabla ya siku ya katazo kufika. Julai 2025 Tanzania iliwakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, na upande wa Kenya ukalalamika.

Na yako mahindi ya mama. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Baada ya siku chache katazo likaondolewa, lakini kwa masharti: mwagizaji aandikishwe, na mzigo uwe na cheti kuonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu kumi katika kila sehemu bilioni moja.

Hapa nitasema jambo ambalo huenda mama asilipende. Katazo lile la ghafula lilikuwa baya, maana liliwakuta watu wakiwa njiani. Lakini sumukuvu si hadithi ya kubuni. Mwaka 2004, katika mikoa ya mashariki ya Kenya, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Na kwetu Tanzania, mwaka 2016, watu walikufa Dodoma na Manyara. Sumu hii hutokana na kuvu inayoota katika mahindi yasiyokauka vema. Haionekani kwa macho, wala haiondoki kwa kupikwa. Jirani akisema naogopa chakula chako, mara nyingine ana hila, na mara nyingine ana hofu ya kweli. Kazi ya serikali ni kupima na kutofautisha, tena kwa kutoa taarifa mapema, si kufunga kwanza na kueleza baadaye.

Tazameni sasa tofauti ya zamani na leo. Mwaka 1977 mpaka ulifungwa ukakaa miaka sita. Mwaka 2021 mahindi yalizuiwa siku chache, na mwezi wa Mei Rais Samia Suluhu Hassan akaenda Nairobi kuonana na Rais Kenyatta. Wakaamuru vikwazo vya biashara viandikwe kimoja kimoja na viondolewe. Oktoba 2022, Rais William Ruto alipozuru Dar es Salaam, ilielezwa kwamba vikwazo vilivyoandikwa vilikuwa 68, na 54 vimekwisha kuondolewa, vimebaki 14. Mimi kama karani nilifurahi sana kusikia hesabu hiyo. Ugomvi ulioandikwa na kupewa namba waweza kumalizwa. Ule unaobaki moyoni ndio uvunjao nyumba.

YATUPASAYO SISI WADOGO

Mama, sasa nakujibu swali lako. Je, watafunga tena kama zamani? Mimi si nabii. Lakini kwa mkataba ulivyo leo, kufunga kwa miaka sita ni vigumu kuliko ilivyokuwa. Kufunga kwa siku sita, kwaweza kutokea wakati wowote. Basi biashara yako usiiache, ila iendeshe kama mtu aishiye kando ya mto: hujenga, lakini hujenga penye mwinuko. Nina mashauri manne.

Shauri la kwanza: kausha mahindi yako juu ya turubai au jamvi, si juu ya udongo. Ondoa yaliyovunjika na yenye rangi ya ajabu. Kipimo cha Afrika ya Mashariki ni kwamba unyevu usizidi asilimia 13.5. Yapime kabla ya kupakia lori, usingoje kupimiwa langoni.

Shauri la pili: pita langoni, usipite njia za panya. Wengi hukimbia lango kwa kudhani lazima walipe ushuru. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizolimwa au kutengenezwa katika nchi za Jumuiya, ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 za Kimarekani, aweza kupewa na ofisa wa forodha cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, na mzigo wake ukavuka bila ushuru wa forodha. Vyakula bado huhitaji cheti cha afya ya mimea, basi ulizia mapema. Kijana wa bodaboda akikuambia "mama, mimi nitakupitisha kwa elfu kumi tu," mwulize atakupa risiti gani mzigo ukikamatwa.

Shauri la tatu: usiweke magunia yote katika lori moja, wala tumaini lote katika soko moja. Vuka na sehemu, na sehemu nyingine iuze Himo au Moshi. Faida itapungua kidogo, lakini siku lango likisimama hutakopa karo.

Shauri la nne: jiungeni. Mama mmoja mwenye magunia tisa akilalamika, husikilizwa na mumewe tu. Akina mama arobaini wenye daftari moja, walioandika tarehe, mzigo, na sababu waliyopewa ya kurudishwa, wana neno la kumpelekea mbunge na ofisa wa biashara. Vile vikwazo 68 havikuandikwa na malaika.

Nasi sote, tuchunge ndimi zetu. Siku hizi kijana akiwa na simu yake humtukana Mkenya au Mtanzania asiyemjua, kwa jambo la mpira au la ndege, na maelfu wakacheka. Mwaka 1977 kabla ya lango kufungwa, maneno makali yalitangulia, magazetini na redioni, pande zote mbili. Yalizoeza masikio. Sisi wa mpakani twajua kwamba yule tunayemtukana ni shemeji yetu. Katika kitabu changu cha ndoa, kati ya arusi nilizoandika mwaka jana, ziko kadhaa ambazo bwana alitoka upande mmoja na bibi upande wa pili. Barua za matangazo ya ndoa hizo zilivuka Holili asubuhi na majibu yakarudi kabla ya jioni.

Niliisoma makala hii kwa yule mzee jirani kabla ya kuipeleka kwa Mhariri. Alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba Jumamosi anakwenda Taveta. Dada yake sasa ni mgonjwa, hawezi kusafiri. Nikamwuliza atavukaje na miguu yake ile.

"Kwa basi dogo la saa mbili," akasema, "nami nitarudi jioni."

Wasalaam,
Karani wa Parokia